Nukta tatu za Teams

Kukusanya faili za ofisi mahali pamoja lilikuwa jambo jema, na historia ya matoleo ni kazi safi. Kilichoharibu mchezo ni uamuzi mmoja: ukibofya faili la Word au Excel ndani ya Teams ya Microsoft, lifunguke humo humo, hata kama kompyuta yako ina programu kamili iliyokwisha kulipiwa. Teams ilipotoka mwaka 2017, aliyetaka Excel yake halisi alipita kwenye nukta tatu, kisha menyu, kisha chaguo la programu ya mezani. Akimaliza faili hilo na kushika jingine, aanze tena. Ilichukua miaka kuwekwa mahali pa kusema mara moja kwamba faili zangu zifunguke kule daima, na hata palipowekwa, pamefichwa kwenye mipangilio ambayo karani mwenye kazi hana sababu ya kuipekua. Ni Microsoft ile ile iliyofuta menyu zetu mwaka 2007 na kutuletea utepe wa vitufe; sishangai, ila sijasamehe.

Dirisha lile la ndani lina sura ya Excel, lakini Excel haimo. Makro za VBA haziendeshwi humo, kwa hiyo jedwali la mhasibu lililotengenezwa kwa jasho linageuka picha ya jedwali. Word yake nayo haiwezi kuunganisha barua moja na orodha ya majina, kazi ambayo WordPerfect ilikuwa ikiifanya bila mbwembwe tangu enzi za DOS. Tena awali faili lililofunguka hapo lilifunika mazungumzo yaliyokufanya ulitafute, nawe ulirudi nyuma kusoma mkuu wako alitaka safu ipi irekebishwe. Aliyeamua hivi alitaka tukae ndani ya Teams. Sisi tulitaka kumaliza taarifa ya robo mwaka.

Chukua Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Kila upande una halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji, na mradi wa maji wa miji 28 umeziweka pamoja na Muheza na Pangani kwenye maji ya Mto Pangani. Kazi ya namna hiyo huzaa majedwali yanayopita mikono mingi, na swali la wapi jedwali linafungukia huamua kama kazi itaisha leo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na mtandao ukadhoofika nchi nzima. Katika hali kama ile, faili lililofunguliwa kwenye programu ya mezani huendelea kuandikwa. Mabadiliko yanasubiri kwenye kompyuta na kupanda mtandao ukirudi. Lililofunguliwa ndani ya Teams au kwenye kivinjari linategemea seva kwa kila hatua, na mtandao ukizimika unabaki kulitazama tu. Wala si lazima waya ukatike baharini. Bando kuisha kunatosha.

Wapo watakaosema programu ya mezani inasambaza nakala kwenye kompyuta mpakato za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki mzaha. Hoja nzito, ila imegonga mlango usio wake: kupakua faili na kulifungua kwenye Excel ni mambo mawili. Lililofunguliwa kutoka kwenye maktaba ya pamoja huhifadhiwa huko huko, kwa ruhusa zile zile. Wengine wanahofia watu wawili kugongana kwenye jedwali moja. Hofu hiyo ilikuwa na haki zamani. Word ya mezani iliruhusu uhariri wa pamoja tangu toleo la 2010, na Excel ikafuata mwaka 2017, mwaka ule ule wa Teams. Pingamizi ninalolikubali ni la ofisi isiyo na leseni za programu kamili. Huko kivinjari ni mkombozi, na ndiyo maana chaguo liwe la mtumiaji.

Masjala ya zamani ilijua mipaka yake. Karani aliandikisha jalada, akajua liko kwa nani, akalidai lisiporudi. Hakumwambia afisa alisomee kwenye kiti gani wala aandike dokezo kwa kalamu ipi. SharePoint yenyewe, ambamo faili za Teams hutunzwa, ina adabu hiyo: mipangilio ya maktaba ina mahali pa kuchagua faili zifunguke kwenye programu au kwenye kivinjari. Afisa TEHAMA hupageuza kwa dakika mbili, ila mtu akibofya faili akiwa ndani ya Teams atahitaji pia kuubadili mpangilio wake mwenyewe.