Uma Kwenye Kidole

Kupima hisi ya mtetemo mkononi huhitaji uma wa chuma wenye meno mawili, unaotetema mara 128 kwa sekunde. Mtetemo husafirishwa na nyuzi nene za neva; zikiharibika, hisi hiyo hufifia. Tabibu kwanza humwonjesha mgonjwa mtetemo kifuani ili aujue. Kisha humfumbisha macho, huugonga uma na kuusimamisha kitako juu ya kiungo cha kidole, mfupa ulipo karibu na ngozi. Mgonjwa anaposema umekoma, tabibu huuhamishia kidoleni mwake mwenyewe. Tabibu akiusikia bado, hisi ya mgonjwa ina kasoro. Bila shaka vidole vya tabibu sharti viwe vizima. Mara nyingine huuweka uma uliozimwa, maana wapo wanaojibu “nasikia” kwa adabu tu.

Katika hospitali kama Machakos Level 5, nchini Kenya, uchunguzi huu huweza kuendeshwa kwa Kiswahili au Kikamba, kidole kwa kidole. Mchonga vinyago wa eneo la Wamunyu mwenye kisukari, au neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, hutegemea subira hiyo ili aendelee kushika patasi. Kipimo hakitoi picha. Matokeo yake ni mstari mmoja kwenye faili.