Sifa za Tundu Lisiloogopa Moto

Gramu moja ya silika yenye matundu ni unga mweupe usiojaza hata kiganja, lakini kuta zake za ndani, ukizitandaza, zinakaribia mita za mraba 1,000. Unga huu hubeba kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia, nacho hufanya kazi kwenye kuta hizo, pale molekuli inapogusa. Kwa hiyo fundi ninayemsifu hapa ni fundi wa uwazi: anajenga uwazi, kisha anauhami usiporomoke ukipata moto.

Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanakemia, akiwamo Profesa Egid Mubofu, wameifanya kazi hii kwa mali ya Kusini: mafuta ya maganda ya korosho. Wabanguaji wa Mtwara huyaogopa kwa kuwa yanababua ngozi. Mkemia huyapendea umbo la molekuli zake, zenye kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakimbia. Ndani ya maji na alkoholi, molekuli za namna hiyo hukusanyana, mikia ndani vichwa nje, na silika hujijenga kuzizunguka. Watafiti wa kampuni ya Mobil ya Marekani walitangaza kalibu za aina hii mwaka 1992, wakitumia kemikali za jamii ya sabuni. Kuchukua taka ya korosho na kuifanya kalibu ni ubunifu ambao, kwa maoni yangu, haujapewa heshima yake.

Kisha kalibu lazima itoke, na ustadi wote uko hapo. Aliyejenga Tegeta au Mbagala anajua nini hutokea mirunda ikiondolewa kabla zege halijakomaa. Unga hukaushwa polepole, maana maji yanayotoka kwenye tundu jembamba huzivuta kuta zake. Halafu kalibu huoshwa kwa ethanoli, au huchomwa tanurini, joto likipandishwa digrii chache kwa dakika hadi 500 na ushei. Ukiharakisha, mafuta yanawaka kwa mkupuo, joto ndani ya unga linapita lile la kipimo, na kuta zinashikana. Ubaya ni kwamba unga hutoka mweupe vilevile. Jicho halioni kitu. Mpaka upitishe nitrojeni kwenye ubaridi mkali na kupima ni kiasi gani kimeng'ang'ania kwenye kuta.

Moto wa ekzosi ni mtihani mkubwa zaidi. Gari la petroli linalosota kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, Temeke, lina boksi la kichocheo chini yake, na ndani yake kauri yenye vijia vingi vilivyopakwa alumina yenye matundu, inayobeba chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Alumina hiyo ikipita digrii 1,000 hivi hujipanga upya, matundu hufungika, na mvuke wa maji uliomo kwenye moshi huharakisha maangamizi. Mafundi huchanganya lantanamu kidogo tu, na mgeuko huo hucheleweshwa. Kidogo tu! Sijui ufundi mwingine unaookoa mengi hivyo kwa kiungo kidogo hivyo.

Kauri yenyewe hutengenezwa kwa kaolini, talki na alumina. Kaolini tunayo, nyeupe, hapo Pugu, upande wa Kisarawe. Natamani fundi wa gereji Temeke afungue boksi la namna hiyo akute udongo wa Kisarawe.