Tapeli Naye Ana Mama

Kuna raha yake kumwona tapeli akiingizwa mjini. Abunuwasi tulimpenda utotoni kwa sababu hiyohiyo: mjanja kakutana na mjanja zaidi yake. Raha hiyo ndiyo inayoendesha kitabu cha Mwingereza Mike Berry, Greetings in Jesus Name!, kilichotoka mwaka 2006.

Kitabu chenyewe ni barua tupu. Wale jamaa wa Nigeria waitwao "419", jina lililotokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi yao, wanaandika yaleyale: kuna mamilioni yamekwama mahali, wewe tanguliza ada kidogo tu, utapata fungu lako. Berry hafuti barua hizo, anajibu. Safari moja alijifanya padri wa kanisa la kubuni, akamwambia tapeli kwamba waumini wake wote hujichora alama kifuani. Tapeli kwa tamaa akajichora, akapiga picha, akaituma. Mwisho akatoa na dola 80 za mfukoni mwake!

Kwa upande wa fani, sina ugomvi na Berry. Padri mpole huku, tapeli anayezidi kukosa subira kule, na kila mmoja anajianika kwa maneno yake mwenyewe. Hakuna msimulizi wa kutuambia nani mjinga. Sisi tunaojifunza kuandika tuibe hapo.

Kwenye maudhui ndipo ninapogoma. Tapeli wa Berry ni mhusika bapa kabisa. Hana kwao, hana mama, hajawahi kulala njaa. Na mtu ukishamfanya mwanasesere, mchezo haujui pa kuishia. Mwaka 2008 kipindi cha redio cha Marekani, This American Life, kilisimulia jinsi wachezaji wengine wa mchezo huu walivyompeleka tapeli mmoja mpaka Abéché, mashariki ya Chad, kufuata hela zisizokuwepo. Chad wakati huo waasi walikuwa wanapigana na serikali. Hapo mimi kicheko kilikata.

Sasa soma I Do Not Come to You by Chance (2009), riwaya ya Mnigeria Adaobi Tricia Nwaubani. Kingsley ana digrii ya uhandisi wa kemikali, kazi hapati. Baba aliyemhimiza elimu anaugua, wadogo zake wanamtegemea, mchumba anamwacha. Mwenye hela ni mjomba wake, Cash Daddy, mfalme wa barua hizohizo. Basi Kingsley anakaa mezani na kuandika. Nwaubani hamsafishi hata kidogo, na vituko vya Cash Daddy vinavunja mbavu. Ila unacheka huku unajua bili ya hospitali iko mezani.

Sisemi tuwalilie matapeli. Kuna wazee wamelizwa akiba ya maisha. Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wote tunaijua, na ukitaka kumzungusha aliyeituma, mzungushe, apoteze vocha yake. Lakini huenda ni kijana wa rika letu, kamaliza shule kama sisi. Siku utakapokaa kumwandika hadithi, ndugu yangu, kumshinda ujanja hakutoshi. Tafuta kwanza jana usiku alikula nini, na kwa hela ya nani.