Kiganja Kwanza, Kikombe Baadaye

Ukiletewa sampuli ya kahawa ya Kangundo au Matungulu, kule Machakos, usikimbilie kuikaanga. Omba kwanza kahawa ya maganda, ile iliyotoka kwenye meza ya kuanikia na bado imevaa ganda lake la ndani, uimwage kiganjani. Mti wenyewe mara nyingi hauna kosa. Mti wa aina ya SL28, uliochaguliwa na Maabara ya Scott miaka ya 1930 kutokana na kahawa ya Tanganyika iliyostahimili ukame, unaijua vizuri nchi ya Ukambani. Mazao mema huharibikia kiwandani, kati ya tangi la kuvundikia na meza.

Cheri ikishamenywa, mbegu hubaki na ulenda unaoteleza kama wa bamia. Kuuacha uvunde na kuachia huchukua saa 12, huchukua hata 36. Juu kwenye vilima vya Iveti, baridi ya Julai huchelewesha. Chini kwenye joto, kahawa ya jioni huwa tayari alfajiri. Kwa hiyo mimi simwamini mtu anayevundika kwa kutazama saa. Chukua konzi moja, isuuze, isugue kwa viganja viwili. Ikiteleza, ngoja. Ikikwaruza kama changarawe ya mtoni na kutoa mlio, ioshe wakati huo huo, usiku au mchana. Kisha chungulia pembe za tangi. Punje zilizonasa pale tangu juzi huoza kimyakimya, na punje moja tu ya aina hiyo inatosha kunukisha kikombe kizima.

Mezani, adui ni haraka. Kahawa hupanda juani ikiwa na maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na inatakiwa ishuke mpaka asilimia 11 hivi. Jua la Machakos lina uwezo wa kuikausha upesi, na hapo ndipo hasara ilipo: ganda hupasuka, punje ikabaki uchi. Siku za mwanzo ifunikwe kuanzia saa tano hadi saa nane, igeuzwe mara kwa mara, isirundikwe. Kwenye sampuli yako, hesabu maganda yaliyopasuka. Yakiwa mengi, mwenye meza hakuwa na subira.

Sasa menya punje chache. Iume moja: jino likizama, bado mbichi. Rangi inayotakiwa ni kijani kinachoelekea bluu, tena iwe moja kwa punje zote. Madoa meupe yanasema kahawa ilinyeshewa baada ya kukauka, au ilikauka upande mmoja. Wekundu wa kahawia kwenye kiwambo chembamba huwa ni wa cheri iliyoiva kupita kiasi au iliyokawia tangini.

Herufi AA za daraja zisikupumbaze. Hizo hupima ukubwa wa punje kwa chekeche, wala hazijui chochote kuhusu tangi. Nimewahi kukutana na PB, zile punje za duara, zenye ladha safi kuliko AA ya kiwanda hicho hicho.

Ndipo ukaange, usage, umimine maji, na uache kikombe kipoe. Ukali wa limau au balungi ndio sifa ya kahawa ya Kenya, nao huzidi kung'aa kikombe kinapopoa. Ukali wa siki hujificha ndani ya joto. Onja tena kikiwa vuguvugu, kabla hujaandika bei.