Dosie ya viza haijui Kiringye

Someni vizuri dosie ya viza ya utalii ya Schengen mbele ya kulipa. Tangu Juni 2024 ni euro 90, na wakikukatalia hairudi. Unapewa siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Anayetaka kukaa zaidi, tuseme kwa masomo, aombe viza ya muda mrefu toka mwanzo.

Lakini mimi nalaumu pale wanapotaka uhakikishe kama utarudi: releve ya banki, kartasi ya mwajiri. Msomi wa Kiringye asiye na kazi, baba yake ana mpunga na ng'ombe, ataonyesha nini? Shamba la kimila halina kartasi, ng'ombe hawana akaunti. Eti huyo hana cha kumrudisha! Na nyumbani wanamungojea kwa mavuno.