Inchi Nne za Mwisho

Mashine ndogo ya randa, ile inayokaa juu ya meza, haina ubaya wowote katikati ya ubao. Unaingiza mninga wenye makovu ya msumeno, unatokea upande wa pili umeng'aa, mistari yake imefunguka na wekundu wake umejitokeza. Unapitisha kiganja kuelekea nchani. Inchi tatu au nne kabla ya kufika, kiganja kinashuka. Hakishuki sana, nusu milimita, pengine chini ya hapo, na jicho lisilozoea litapita bila kuona kitu. Lakini kijibonde kipo, kimekata upana wote wa ubao, na ukigeukia ncha ya pili utamkuta ndugu yake. Mashine imekula ncha.

Nausifu ufundi wa kukizuia kijibonde hicho. Ni ufundi usio na jina la heshima, hakuna anayepewa cheti kwa ajili yake, na ukifanyika vizuri hauonekani kabisa.

Ndani ya mashine kuna rola mbili, moja ya kupokea ubao na moja ya kuutoa, na katikati yake inazunguka silinda yenye visu. Chukua Makita 2012NB, ambayo mtu mwenye nguvu anaibeba peke yake na inatumia umeme wa kawaida wa nyumba. Visu vyake viwili huzunguka mara 8,500 kwa dakika, na rola husukuma ubao mita 8.5 kwa dakika hiyo hiyo. Piga hesabu: kila milimita ya mti inapigwa kisu mara mbili. Ubao ukiwa katikati ya safari, rola zote mbili zimeukandamiza na hauna pa kwenda. Taabu iko mwanzoni na mwishoni. Unapoingia, rola ya kwanza peke yake ndiyo imeushika, ncha imeshafika kwenye visu, na rola ya pili haijaipata bado. Ubao mrefu unaoning'inia nje unageuka mzani: mkia unalala, kichwa kinapanda, na juu ya kichwa kuna visu. Wakati wa kutoka mambo yanapinduka. Rola ya kwanza imeshauachia, sehemu iliyotangulia inainamia sakafuni, mkia unanyanyuka na kuliwa. Urefu wa kijibonde unafuata umbali uliopo kati ya visu na rola, ndiyo maana fundi aliyeizoea mashine yake anaweza kuchora kwa penseli mahali kitakapoanzia kabla hajawasha.

Kuna sababu ya pili, nayo haionekani kirahisi. Kichwa cha mashine, yaani mota, rola na visu kwa pamoja, hupanda na kushuka kwenye nguzo nne, na lazima pawe na nafasi finyu kati ya kichwa na nguzo, la sivyo kingekwama. Rola zina springi zinazosukuma ubao chini, na springi isukumayo chini husukuma kichwa juu vilevile. Rola moja ikibeba mzigo huku mwenzake hana kitu, kichwa kinainama kiasi cha unywele. Watengenezaji wanalijua hilo. Mashine nyingi zimewekewa kufuli ya kichwa, nyingine ya kufungwa kwa mkono na nyingine ya kujifunga yenyewe. Kufuli inasaidia sana, lakini haimalizi kazi.

Ugomvi na ubao unaopanda ni wa zamani. William Woodworth wa jimbo la New York alipata hataza ya mashine yake ya kuranda mwezi Desemba 1828, na moyo wa hataza ile ulikuwa kuoanisha visu vinavyozunguka na rola za kuuzuia ubao usivutwe juu na visu hivyo. Hataza ikaongezwa muda mara mbili, mpaka 1856, na waliotumia mashine za namna hiyo bila kulipa wakaburutwa mahakamani. Kesi ya Wilson na Rousseau ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1846. Wanasheria walikula vizuri, naamini. Ubao uliendelea kupanda.

Seremala wa randa ya mkono aliyajua haya kabla ya mota yoyote. Tazama mikono yake. Anapoanza, uzito uko kwenye mkono wa mbele; katikati ya ubao mikono yote miwili inabeba sawa; anapokaribia mwisho, mkono wa mbele unakuwa mwepesi na wa nyuma unakandamiza. Asipofanya hivyo randa inainama nje ya ncha na kuila. Rola mbili za mashine zimeajiriwa kufanya kazi ya mikono hiyo miwili, ila hazikufundishwa kuhamisha uzito. Kwa hiyo kwenye ncha mtu lazima aiazime mashine mikono yake.

Namna ya kuiazima ni hii. Simama kando ya mashine, usisimame nyuma ya ubao kabisa. Ushike ubao karibu na mkia na uunyanyue kidogo wakati kichwa kinaingia, kiasi tu cha kukilaza kichwa mezani, chini ya visu. Endelea hivyo mpaka rola ya pili iupokee. Utaisikia, kwa sababu sauti hubadilika na ubao unatulia mkononi. Hapo uuachie uende, uzunguke upande wa pili, uupokee kwa mbele, na mkia unapokaribia kutoka unyanyue tena kichwa ili mkia ukandamizwe. Ukinyanyua mno, unautengeneza ugonjwa uliotaka kuutibu, na springi za rola zinapigana nawe. Vidole vikae mbali na mdomo wa mashine. Kidole kilichoingia kati ya ubao na meza kitapondwa. Ubao ukiwa mrefu, kazi hii ni ya watu wawili, na mara nyingi anayepokea ni mwanagenzi. Nina wasiwasi na fundi anayemweka kijana upande wa kutokea bila kumweleza kwa nini amewekwa pale.

Kabla ya hayo yote kuna kazi ya kimya. Meza ndogo zinazokunjuliwa mbele na nyuma ya mashine hutoka kiwandani zikiwa sawa, kisha zinalegea kwa kubebwa na kuegemewa. Weka rula ndefu ya chuma iliyonyooka kutoka meza moja hadi nyingine, kupitia ndani ya mashine, umeme ukiwa umechomolewa. Ncha za nje za meza hizo zikiwa chini, hata ukinyanyua vipi utaliwa. Wengi huzipandisha zaidi ya usawa kwa unene wa sarafu nyembamba, kisha wanajaribu kwenye kipande cha msonobari kisicho na thamani. Utomvu wa msonobari, tukiutaja, hugandia rola zikaanza kuteleza, na mtiki una chembe za silika zinazomaliza makali ya visu upesi. Kisu butu kinaugonga ubao badala ya kuukata, na ubao unaogongwa hautulii. Meza isuguliwe nta ubao upite bila kukwama. Na mpito wa mwisho uwe mwepesi, robo milimita ikiwezekana: kijibonde hukua pamoja na pupa ya fundi.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kuzipanga mbao foleni. Mbao za unene mmoja zinaingizwa zikifuatana, ncha ya moja ikigusa mkia wa iliyotangulia, kipande cha taka kikiongoza na kingine kikifunga msafara. Rola hazipati nafasi ya kuachia. Kijibonde cha kwanza kinaangukia taka, na cha mwisho pia, na mashine imedanganyika kwamba imepewa ubao mmoja mrefu. Inataka utulivu wa mikono, na inataka umeme usikatike, maana ubao uliosimama chini ya visu unatoka na mfereji katikati, mahali ambapo hakuna namna ya kuuficha.

Wapo wanaosema msasa utamaliza. Hapana. Ili kukiondoa kijibonde kwa msasa ni lazima ushushe uso wote uliobaki ufikie kina chake. Vinginevyo umekivuta tu kikawa kirefu na kuwa kigumu kukiona, mpaka vanishi ipakwe na mwanga wa dirishani uteleze juu ya meza. Kibaya zaidi ni kwamba ncha za ubao ndipo mahali pa kuungia. Kwenye fremu ya mlango, ulimi unachongwa nchani. Ubao uliopungua hapo unakaa kwa kulegea ndani ya tundu, na gundi inaachiwa kazi ya mti. Aliyesema inchi nne si kitu, aangalie mlango wake baada ya masika mawili.

Halafu kuna pesa. Mbao zetu huuzwa kwa futi. Ubao wa futi 12 ukirandwa mzima na kukatwa inchi nne kila ncha, unapoteza inchi nane. Ukiukata kwanza vipande sita vya futi mbili kisha kuviranda kimoja kimoja, kila kipande kitadai inchi zake nane, jumla futi nne, theluthi ya ubao mzima. Kwa hiyo randa kwanza, kata baadaye, isipokuwa ubao umepinda. Uliopinda ukirandwa mzima utakwisha unene kabla haujanyooka. Kuamua hapo hakuna kanuni. Fundi anausimamisha ubao, anafumba jicho moja, anautazama kwa urefu wake, na anakata shauri.

Zamani karakana ndogo ilipakia mbao kwenye mkokoteni ikazipeleka penye mashine kubwa, ikalipa, ikarudi nazo jinsi zilivyotoka. Siku hizi mashine imeingia karakanani, kuanzia Keko ya Dar es Salaam hadi Ngong Road ya Nairobi, na pamoja nayo umeingia wajibu wa zile ncha. Basi wewe unayeagiza samani, siku ya kuchukua meza yako njoo na rula. Ilaze kwa urefu juu ya inchi nne za mwisho, uinamishe kichwa utazame kama mwanga unapenya chini yake. Na fundi akikwambia kwamba meza ya futi tano inahitaji mbao za futi tano na nusu na zaidi, usimwite mwizi. Mlipe.