Mwangua Maembe wa Ipuli

Mwangua maembe hodari wa Ipuli, Tabora, hana haraka na kingoe chake. Kwanza anauzunguka mwembe, shingo juu, akitazama mabega ya maembe. Embe changa mabega yake yameteremka toka kikonyoni. Likikomaa huinuka na kujaa, kikonyo kikaonekana kimezama, na mashavu yakatuna. Ganda laweza kuwa kijani bado. Asiyejua hungoja rangi, kumbe embe huanza kuiva ndani, kando ya kokwa, na manjano husogea nje polepole. Yakifika gandani, popo wameshakula.

Akiwa na shaka, hukata moja: nyama ikiwa bado nyeupe kwenye kokwa, mti unaachwa. Wengine huyatia kwenye ndoo ya maji. Lililokomaa huzama, changa huelea. Lililokomaa litaiva lenyewe likivundikwa siku chache, hata kama limeanguliwa likiwa gumu. Changa hunywea tu na kukunjamana.

Embe lilitoka India, likashuka pwani, kisha likapanda bara na misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji. Misafara hiyo ilibeba pembe za ndovu na kuswaga watumwa, na haifai kukisifu kivuli cha miembe ya njia hiyo bila kuwakumbuka watumwa hao. Kwihara, jirani na hapa, ndiko msafiri Livingstone alikowangoja wapagazi mwaka 1872.

Miembe mingi ya zamani ilitokana na kokwa, haikupandikizwa. Kwa hiyo miwili iliyopakana hutofautiana: mmoja huwahi, mwingine huchelewa, mmoja maembe yake hugeuka manjano, mwingine hubaki kijani hata yakiwa matamu. Mwangua anaujua kila mti kwa tabia yake, mwaka hadi mwaka. Elimu hiyo naiheshimu kuliko nguvu za kukwea mti.

Mfanyabiashara mwenye haraka huangua mti wote kwa siku moja, kisha akavundika kwa kabaidi. Rangi huja, utamu hauji, na kabaidi huweza kubeba mabaki ya aseniki.

Mwangua wetu hukata akiacha kikonyo kifupi, akaliinamisha embe utomvu uchuruzike mbali na ganda, maana huliunguza likabaki na madoa meusi. Ndipo huliweka kwenye tenga. Jioni wenye miti humlipa kwa matenga aliyojaza. Mimi ningependa alipwe pia kwa maembe aliyoyaacha mtini.